UZI: Much Ado About Nothing ya 1993, hivi Beatrice na Benedick walipendana toka zamani au walipangwa tu?

#1 Msomaji_wa_Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Juzi nimepekua flashi yangu ya zamani nikakuta muvi ambayo nimeikwepa miaka na miaka, Much Ado About Nothing, ile ya Kenneth Branagh ya 1993. Nilikuwa naikwepa kwa sababu ya Kiingereza cha Shakespeare, nilijua dakika ya kumi nitakuwa nimelala. Sikulala, na nimeirudia mara mbili ndani ya wiki moja na sasa nina swali linanitesa.

Kwa ambao hawajaiona kwa kifupi: wanajeshi wanarudi kutoka vitani wanafikia kwa mzee Leonato, gavana wa Messina. Kijana Claudio anampenda Hero, binti wa mzee. Pembeni kuna Beatrice (Emma Thompson), mpwa wa mzee, na Benedick (Branagh mwenyewe), hawa wakikutana ni maneno tu, huyu akirusha na yule anarudisha, na wote wameapa kutooa wala kuolewa. Sasa wenzao wakaamua kuwapanga. Wanaume wanaongea kwa sauti karibu na pale Benedick alipojificha bustanini, eti Beatrice anakonda kwa kumpenda yeye, na wanawake nao wanamfanyia Beatrice hivyo hivyo. Haipiti siku kila mmoja kaiva.

Swali langu: ule uongo ndo ULIZAA mapenzi au mapenzi yalikuwepo uongo ukayatoa tu? Mimi nasema yalikuwepo zamani. Karibuni.

#2 Nyuki_wa_Tabora
Yalikuwepo. Wagombanao ndio wapatanao. Uzi ufungwe.

#3 Bi_Mwanaisha_Mkunazini
Usifungwe hata kidogo, ndo kwanza nakaa mkao. Mie muvi hii naijua nje ndani, nimeiona mara ya kwanza nikiwa msichana. Mleta uzi umesahau kitu kikubwa. Pale Don Pedro, mkuu wa wale wanajeshi (Denzel Washington), anapomwambia Beatrice kuwa ameupoteza moyo wa Benedick, bibie anajibu kwamba ni kweli, Benedick aliwahi kumkopesha moyo huo kwa muda na yeye akalipa na riba, moyo wa watu wawili kwa moyo wake mmoja, na kabla ya hapo aliushinda kwake kwa kete za ulaghai. Hebu yasome maneno hayo polepole. Huyo ni mwanamke aliyeachwa. Palikuwa na kitu baina yao na mwanamume akaondoka nacho. Mtazame Emma Thompson uso wake hapo, kicheko kinamwisha mdomoni.

#4 Mzee_wa_Mikindani
#3 umetisha dada. Hata mwisho wa ile sini ya kwanza wanapotupiana maneno, Beatrice anamalizia kwa kusema anamjua Benedick toka zamani, ana tabia ya kukatisha mchezo njiani. Hayo ni maneno ya mtu aliyeumizwa.

#5 KijanaWaKongowea
Sasa mimi napinga. Watu mnachukua mistari miwili mnajenga nyumba ya ghorofa. Hii ni komedi, kila mtu mule ndani anarusha maneno, Beatrice ndo usiseme, anaweza kuwa anatania tu mbele ya bosi. Angalia Benedick anavyobadilika baada ya kusikia ule uongo, ametoka pale bustanini amebadilika KABISA, anasema dunia lazima ijazwe watu, ati alivyosema atakufa kapera hakujua kama ataishi mpaka siku ya kuoa. Mtu mwenye mapenzi ya zamani hawezi kushangaa hivyo. Huyu ameambiwa anapendwa na hilo tu ndo limemmaliza. Mwanaume akiambiwa anapendwa kichwa kinavimba, niamini.

#6 Nyuki_wa_Tabora
@KijanaWaKongowea hiyo ya kichwa kuvimba umejitolea ushahidi mwenyewe hahaha

#7 Dogo_Sinza
Wakubwa shikamoni. Mimi nimefika kwenye hii stori kwa mlango wa nyuma, niliona Anyone but You ya 2023 (Sydney Sweeney na Glen Powell) afu nikaambiwa imetoka kwa Shakespeare nikabisha. Kumbe kweli, majina tu, Bea na Ben. Na kule wamekujibu kabisa mleta uzi: walikuwa na usiku mmoja mzuri, asubuhi demu akaondoka kimya kimya, akarudi akamsikia jamaa anamponda kwa rafiki yake, basi ugomvi ukaanzia hapo. Kwa hiyo chanzo ni kutoelewana.

#8 Mwl_wa_Fasihi
Marahaba @Dogo_Sinza. Umegusa jambo zuri ila usilichukulie kama jibu. Shakespeare hakusema chanzo ni nini. Tamthilia iliandikwa kama 1598 au 1599 na ikachapwa 1600, na pale kwenye maandishi kuna hiyo mistari miwili mitatu tu waliyoitaja Bi Mwanaisha na Mzee, basi. Ni shimo, na kila dairekta anakuja kulifukia kwa udongo wake. Joss Whedon aliifanya ya rangi nyeusi na nyeupe ndani ya nyumba yake mwenyewe Santa Monica kwa siku 12, ikaonyeshwa 2012, na muvi inaanza na Benedick anatoroka chumbani alfajiri huku Beatrice anajifanya kalala. Will Gluck 2023 kafanya hiyo uliyoiona wewe. Branagh 1993 hakuonyesha chochote, kamwachia Emma Thompson sura yake ifanye kazi. Binafsi naona Branagh alifanya vizuri kuliko wote kwa sababu ukishaonyesha kitanda hakuna tena cha kujiuliza.

#9 Bi_Mwanaisha_Mkunazini
Ahsante mwalimu. Hapo kwa Branagh nakuunga mkono mia kwa mia.

#10 Mtani_Mzaramo
Nyie wote mmepita mlango na mmeuacha wazi. Hao ni WATANI. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tumekua tukisemana mambo ambayo mtu baki akisikia anadhani tunaitiana polisi, msibani mtani anakuja kulala kwenye jeneza anadai hela, na hakuna anayenuna. Utani una sheria, unamtania unayemheshimu, humtanii mtu usiyemjali. Mzee Leonato mwenyewe mwanzoni kabisa anamwambia yule tarishi asimwelewe vibaya mpwa wake, kuna vita ya kuchekesha kati yake na Benedick, wakikutana lazima wapimane akili. Vita ya KUCHEKESHA. Hapo mnatafuta kidonda cha nini?

#11 Mzee_wa_Mikindani
@Mtani_Mzaramo umenifikirisha. Ila utani una mpaka, mtani wa kweli anajua pa kuishia. Kwenye ile ngoma ya vinyago Beatrice anamwambia Benedick (anajifanya hajui ni yeye) kwamba Benedick ni kichekesho cha mkuu wake, mpumbavu asiye na ladha, na jamaa anaumia kweli, anaenda kulalamika kwa Don Pedro kwamba kila neno la huyu mwanamke linachoma kama jambia, eti yuko tayari atumwe upande wa pili wa dunia kuliko kuongea naye maneno matatu. Mtani haumii hivyo.

#12 Mtani_Mzaramo
Anaumia kama utani umepita kwenye ukweli. Na ndo maana mimi nasema ule uongo wa bustanini ulichofanya ni kuwatoa kwenye utani tu. Walikuwa hawana namna nyingine ya kuongea.

#13 Mbongo_Lewisham
Salamu kutoka London, baridi inauma. Samahani natoka nje ya mada kidogo, hii ya Much Ado ina tafsiri ya Kiswahili? Nakumbuka Mwalimu Nyerere aliitafsiri.

#14 Mwl_wa_Fasihi
Hapana mkuu, Mwalimu Nyerere alitafsiri mbili, Julius Caesar (toleo la kwanza 1963, baadaye akalirudia likaitwa Juliasi Kaizari) na The Merchant of Venice aliyoiita Mabepari wa Venisi, 1969. S.S. Mushi akatafsiri Macbeth na The Tempest, hiyo ya pili akaiita Tufani. Hii yetu hawakuigusa hao wote wawili.

#15 Mbongo_Lewisham
Asante kwa kunisahihisha, nilikuwa nachanganya na hiyo ya Venisi. Ila niwape hii, mwaka 2012 hapa ukumbi wa Globe waliweka michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37 na Kiswahili kilipewa Wanawake wa Heri wa Winsa (The Merry Wives of Windsor), na Falstaff, yule mzee mnene wa vituko, alikuwa ni Mrisho Mpoto wetu. Nilisimama pale uwanjani chini kwenye tiketi za kusimama. Wazungu walionizunguka hawajui hata neno moja na walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Toka siku hiyo naamini hizi komedi zimeandikwa kwa watu kama sisi, watu wa kusemana barazani. Hii Beatrice na Benedick ikipata mtu wa kuifanya kwa Kiswahili cha Tanga au Lamu itakuwa balaa.

#16 Bi_Mwanaisha_Mkunazini
Hiyo mpeni Emma mwengine wa hapa Unguja, watu wa mipasho tupo. Mtu anarusha fumbo kwenye taarabu na mlengwa kakaa meza ya pili, anajua, na anainuka kwenda kutunza! Beatrice tunamjua sana sie.

#17 Dogo_Sinza
Jina la Kiswahili lingekuwa nini? Kelele za Bure?

#18 KijanaWaKongowea
Zogo Bila Jambo.

#19 Nyuki_wa_Tabora
Mengi kwa Hewa.

#20 Mwl_wa_Fasihi
Hapo kwenye jina kuna utamu ambao tafsiri itapata shida nao. Zamani hilo neno la Kiingereza la "bure, si kitu" (nothing) lilitamkwa karibu sawa na neno la "kuangalia, kusikiliza, kudokeza" (noting). Kwa hiyo jina lina maana mbili, zogo la bure na zogo la kusikiliza pembeni. Na hebu hesabuni, stori nzima inaendeshwa na watu kusikia visivyowahusu au kuona vibaya. Benedick anasikia uongo, anapenda. Beatrice anasikia uongo, anapenda. Claudio anaonyeshwa dirisha usiku, anaambiwa yule ni Hero na mwanaume mwingine (kumbe ni Margaret mhudumu na Borachio, mtu wa Don John, yule ndugu mbaya wa Don Pedro), anachukia. Halafu wale walinzi wa usiku, wajinga kupita wote, ndo peke yao wanaosikia UKWELI.

#21 Mzee_wa_Mikindani
Mwalimu hapo umenimaliza. Sasa ule msemo wetu wa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa Beatrice na Benedick ni kweli tupu, lilikuwa halipo (au lipo, sitaki ugomvi) likasemwa likaja. Lakini msemo huo huo ndo umemchinja Hero. Watu walisema, Claudio akaona lisemwalo lipo. Sijawahi kuuwaza hivyo.

#22 Stoo_na_Uhasibu
Nimekuwa nasoma kimya ila #21 imenitoa. Mimi na mke wangu ni zao la uongo kama ule wa bustanini, sitanii. Mwaka 2011 tulikuwa ofisi moja Dodoma, mimi stoo yeye uhasibu. Tulikuwa haziivi kabisa, kila karatasi yangu ya kuomba pesa anairudisha, mara sahihi haipo mara tarehe imekaa vibaya, na mimi nikipata nafasi mbele ya watu namsema. Siku moja nipo nyuma ya rafu nahesabu mizigo nikasikia wenzangu wawili wanaongea upande wa pili, wanasema yule dada anamrudishia jamaa karatasi ili aende tena dirishani kwake, na kwamba amemwambia shoga yake hawezi kusema kwa sababu anaogopa nitamcheka. Nilikaa pale nyuma ya rafu kama nusu saa nimeshika kalamu. Kesho yake nikapeleka karatasi, akairudisha, nikamwangalia nikaona kweli kama anatabasamu!! Kumbe na yeye alishaambiwa kwenye foleni ya chai kwamba mimi nakosea karatasi makusudi. Tumeoana 2013, watoto wawili. Wale jamaa walikuja kukiri siku ya harusi kwenye maiki. Sasa nikuulize mleta uzi, mimi nilikuwa nampenda kabla? Nimejiuliza miaka yote hiyo na jibu linabadilika. Mke wangu anasema yeye alinipenda kabla. Mimi nakumbuka nilikuwa namchukia, nakumbuka kabisa.

#23 Dogo_Sinza
Daah kaka hii ndo inatakiwa iwe muvi

#24 Msomaji_wa_Chumbageni
@Stoo_na_Uhasibu nimesoma mara tatu. Lakini ona, kwa nini ulikuwa unatafuta nafasi ya kumsema YEYE, kwani wahasibu wengine hawakurudisha karatasi?

#25 Stoo_na_Uhasibu
Walirudisha. Hapo umenibana, ngoja nifikirie.

#26 Mwanamke_wa_Likoni
Naomba na mie niseme, na si kwa kupoza moto wa mtu. Mimi nilifanyiwa hivyo hivyo na haikuwa komedi. Marafiki wa pande zote mbili walitupanga, mie nikaambiwa yule kaka anakosa usingizi kwa ajili yangu, na yeye akaambiwa mie ndo nakonda. Tukaanza uhusiano. Mwaka wa kwanza mzuri. Ikaja siku tumekosana na akaniambia kwa mdomo wake, "wewe ndo ulinitaka, mimi nilikuonea huruma". Kwa sababu hivyo ndivyo alivyoambiwa! Kila tukigombana ananirudisha hapo. Tuliachana mwaka wa tatu. Kwa hiyo mnaposema uongo mzuri mie nakumbuka kwamba kila mtu alichukua ule uongo uliomfaa. Na hata mwisho wa muvi hiyo hiyo, sikilizeni, wanapoulizana mbele ya watu kila mmoja anasema nakuchukua kwa kukuonea huruma, Beatrice anasema ameambiwa Benedick anakufa kwa kifua kikuu. Watu wanacheka. Mie hapo sicheki.

#27 Bi_Mwanaisha_Mkunazini
Pole sana mwanangu. Ni kweli wanasema hivyo na karibu waachane palepale mbele ya kasisi. Kinachowaokoa ni yale mashairi, Claudio anatoa mfukoni shairi Benedick aliloandika kwa mkono wake, na Hero anatoa la Beatrice. Yaani maneno ya wengine hayakutosha, mpaka ukaja mwandiko wao wenyewe.

#28 Mwanamke_wa_Likoni
Ahsante Bi. Sisi hatukuwa na mashairi.

#29 Mtani_Mzaramo
Pole dada #26.

#30 KijanaWaKongowea
Pole dada yangu. Niseme tu kwamba stori yako inanipa nguvu kwenye upande wangu ingawa sipendi kuipata kwa njia hiyo. Uongo unazaa kitu kweli, na kinachozaliwa kinafanana na uongo wenyewe.

#31 Steringi_wa_Mbagala
Nimechelewa. Mimi swali langu ni jingine, Denzel na Keanu Reeves ni ndugu vipi????

#32 Mbongo_Lewisham
Baba mmoja mama mbalimbali mkuu, Don John (Keanu) ni mtoto wa nje ya ndoa, ipo kwenye tamthilia. Ila rangi hakuna anayeitaja muvi nzima na hiyo naipenda, Denzel kaingia na kanzu yake ya jeshi kwenye ile suruali ya ngozi kama mtu aliyezaliwa mule.

#33 Steringi_wa_Mbagala
Sawa. Ila Keanu pale hapana. Sura imekaza toka mwanzo mpaka mwisho.

#34 Dogo_Sinza
Hata wenye tuzo za waigizaji wabovu walimpendekeza kwa hiyo hiyo muvi hahaha. Mimi namtetea lakini, adui ambaye hana sababu anatakiwa akae hivyo hivyo. Don John anasema mwenyewe yeye si mtu wa maneno mengi. Mule kila mtu anaongea, yeye peke yake hana ulimi, ndo maana anawachukia.

#35 Mwl_wa_Fasihi
@Dogo_Sinza hilo la ulimi nitalitumia darasani, kwa ruhusa yako.

#36 Dogo_Sinza
Ruhusa imetolewa mwalimu!!

#37 Steringi_wa_Mbagala
Na yule Michael Keaton mkuu wa walinzi anayepanda farasi asiyekuwepo? Mtaani kwetu kulikuwa na kamanda wa mgambo copy kabisa, anatumia maneno makubwa asiyoyajua, akikukamata anakusomea mashtaka matano ambayo ni moja. Nimecheka mpaka pale anaposikitika kwamba haikuandikwa kwenye kumbukumbu kuwa yeye ni punda.

#38 Mzee_wa_Mikindani
Turudi kwa mada jamani. Messina iko Sicily, mazingira yale ya zabibu na vumbi la jua yanasaidia sana, watu wametoka vitani wana damu moto, kila mtu anataka kupenda. Hiyo nayo ni sababu.

#39 Mbongo_Lewisham
Messina iko Sicily kweli mzee lakini muvi hawakuipiga Sicily, wameipiga Toscana, Villa Vignamaggio karibu na Greve, kwenye mashamba ya mvinyo ya Chianti.

#40 Mzee_wa_Mikindani
Nimesahihishwa. Jua ni lile lile.

#41 Mama_Hero
Nilikuwa nasubiri mtu amuongelee Hero na naona mnapita tu. Nusu ya muvi hii inanikera mpaka nashindwa kukaa. Binti anatukanwa madhabahuni mbele ya baba yake, anaitwa chungwa bovu, anazimia, baba mzazi anasema bora afe. Halafu Claudio akijua alikosea anaimba usiku mmoja kaburini na kesho yake anapewa binti huyo huyo kama zawadi!

Mdogo wangu yalimkuta. Vikao vya harusi vimekaa mara nne, michango imefika, mtu akatuma kwenye grupu picha ya simu ya maongezi ya kutengeneza. Mchumba hakumuuliza hata swali moja. Alimwambia baba yetu mbele ya wazee wa pande zote. Ukweli ulikuja kujulikana baada ya miezi minne, akarudi na wazee na mahari ya pili. Mdogo wangu aliwapokea vizuri, akawapa chai, akasema hapana. Kwa hiyo mimi Claudio simsamehi na Branagh simsamehi kwa kumpa ule uso mzuri wa Robert Sean Leonard analia lia ili tumwonee huruma.

#42 Bi_Mwanaisha_Mkunazini
Mpe salamu zangu mdogo wako. Amefanya la maana.

#43 Mwl_wa_Fasihi
@Mama_Hero BBC 2005 waliifanya stori hii kwenye chumba cha habari cha televisheni, Damian Lewis na Sarah Parish, na Hero wa mule (Billie Piper) anamkataa mwanaume mwishoni kama mdogo wako. Kuhusu Branagh nadhani alijaribu kumsaidia Claudio kwa njia nyingine pia. Kwenye tamthilia ile ya dirishani hatuioni, tunasimuliwa tu. Branagh kaionyesha, tunamwona Claudio anaangalia juu dirishani. Ukishaona kwa macho yake unaelewa maumivu. Ila umeona pia jinsi ilivyo rahisi kudanganyika.

#44 Mama_Hero
Kuelewa nimeelewa. Hata mchumba wa mdogo wangu niliona alivyolia. Lakini kwenye maandishi Claudio kabla hata ya kumchumbia anauliza je Leonato ana mtoto wa kiume? Yaani anauliza urithi! Huyo alipenda shamba.

#45 Nyuki_wa_Tabora
Uuuwi hiyo sikuijua.

#46 Mtani_Mzaramo
Na hapo ndo utaona tofauti. Claudio na Hero hawaongei, muvi nzima wameongea maneno mangapi wao kwa wao? Wanaangaliana tu. Wale wengine wawili wanasemana toka siku ya kwanza, wanajuana mpaka uchafu. Ndo maana uongo mmoja umevunja hawa na uongo mwingine umewaunganisha wale.

#47 Mama_Hero
Kubali. Na niongeze, kwangu mapenzi ya Beatrice na Benedick hayakuanza zamani wala bustanini. Yalianza KANISANI baada ya Hero kuanguka. Wanaume wote wamemgeuka binti, mkuu wao Don Pedro kamgeuka, baba kamgeuka. Benedick peke yake kati ya wale wanajeshi amebaki nyuma. Marafiki zake wametoka yeye kabaki. Beatrice analia, jamaa anamwambia niagize chochote, anajibiwa "muue Claudio". Anakataa kwanza, yule ni rafiki yake wa vitani. Halafu Emma Thompson pale anasema laiti ningekuwa mwanaume ningeula moyo wake sokoni, sauti inapasuka kabisa. Na Benedick anamuuliza swali moja ambalo mchumba wa mdogo wangu hakuuliza: je, moyoni mwako una hakika kwamba Claudio kamkosea Hero? Anajibiwa ndio, kama nilivyo na hakika nina roho. Basi, anaenda kumkabili rafiki yake. Hajaona ushahidi wowote, kaamini neno la mwanamke. Hapo ndo mapenzi, yale mengine yote ni michezo.

#48 Msomaji_wa_Chumbageni
Dah. Mama_Hero umeniharibia usingizi.

#49 KijanaWaKongowea
Nakubali hiyo sini ni kali, ila walishasema nakupenda KABLA ya "muue Claudio", ni dakika hiyo hiyo lakini ni kabla. Kwa hiyo yalishaanza.

#50 Mama_Hero
Kusema si kuanza.

#51 Mzee_wa_Mikindani
Mimi sasa nina majibu manne yote naona yana haki. Kidonda cha zamani, utani, uongo uliozaa, na kanisani.

#52 Dogo_Sinza
Ongezeni la tano, Beatrice hana baba wala mama anayeonekana mule, anaishi kwa mjomba, hana wa kumpangia ndoa wala mali ya kumvutia mtu kama Claudio. Anaposema watu wote wanaolewa isipokuwa yeye, akae kona aitishe mume, tunacheka lakini nimeirudia jana naona si kicheko. Ulimi ndo mahari yake. Afu Denzel anamuuliza kama atamkubali yeye, anakataa kwa upole, anamwambia wewe ni wa ghali mno kuvaliwa kila siku. Amemkataa mkuu wa nchi! Sasa mtu anayemkataa Denzel lazima ana mwingine moyoni.

#53 Nyuki_wa_Tabora
Dogo umekua.

#54 Bi_Mwanaisha_Mkunazini
Hilo la kumkataa Denzel ndo ushahidi mkubwa kuliko wote, mie ningeolewa palepale na nguo za kufulia. Na yule maskini mwisho wote wanacheza ngoma na kuimba uwanja mzima, kamera inazunguka nao bila kukatwa, yeye kabaki peke yake. Nikifika hapo kila mara namtafuta kwa macho.

#55 Stoo_na_Uhasibu
Nimerudi. Nimemuuliza mke wangu lile swali la mleta uzi la kwa nini nilimsema yeye tu. Akacheka, akasema siku yangu ya kwanza kazini nilimsaidia kubeba boksi la mafaili ngazini na sikumuuliza jina, na ndo maana alianza kurudisha karatasi. Hilo boksi mimi SILIKUMBUKI kabisa. Kwa hiyo kwake kuna zamani na kwangu hakuna.

#56 Mwl_wa_Fasihi
Basi inawezekana Beatrice anakumbuka kitu ambacho Benedick kasahau. Hilo sijawahi kulisoma popote.

#57 Msomaji_wa_Chumbageni
Nitoe langu la mwisho kwa leo. Jana nimemwekea mama yangu, Kiingereza hajui, namtafsiria huku inaenda. Nilifika pale mwanzoni kabisa tarishi kaleta habari za vita, wote wanataka kujua nani kafa nani kapona, na swali la kwanza kabisa la Beatrice ni kama yule bwana mpiga mapanga naye karudi, kwa dharau, kwa jina la kejeli. Mama akanishika mkono nisimamishe. Akasema, "huyu alikuwa anahesabu siku."

#58 KijanaWaKongowea
Mheshimu mama lakini mtu anaweza kuhesabu siku akimsubiri adui pia.

#59 Mama_Hero
Muulize mama akifika kanisani anasemaje.

#60 Msomaji_wa_Chumbageni
Hatujafika, alisinzia. Leo usiku tunaendelea.